Mwongozo wa kuanzisha usajili na leseni za wataalamu wa ustawi wa jamii, ulioandikwa kutoka Mwanza

Hapa Mwanza, mama anayemdai mwanamume matunzo ya mtoto huwa hasemi kwamba atakwenda halmashauri wala mahakamani; humwambia tu, "Nitakupeleka ustawi." Kauli hiyo utaisikia Kirumba, Igoma, Buhongwa na hata katika kambi za wavuvi visiwani, na uzito wake unatokana na imani kwamba huko "ustawi" yupo mtu anayeijua sheria, anayeweza kusikiliza pande zote mbili, na ambaye siri za nyumba ya watu hazitamtoka kinywani. Muuguzi atakayemchoma sindano mtoto wa mama huyo anatakiwa na sheria kuwa na leseni hai, na mhandisi aliyesimamia daraja wanalolivuka kwenda Sengerema anatakiwa kuwa amesajiliwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika mahali ambapo mtu anayependekeza mtoto abaki kwa mama au apelekwe kwa bibi naye anapimwa kwa kipimo kilicho wazi, na anaweza kuitwa kujibu anapokosea.

Nianze na kilichonisukuma kuuandika. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kazini katika wilaya moja ya kandokando ya ziwa, nilipokea jalada la binti wa miaka 14 aliyekuwa ametoroka nyumbani kwa mjomba wake. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja yenye mistari saba, iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa kituo binafsi, ikisema kwamba mazingira ya nyumbani "yanaridhisha" na kwamba binti arejeshwe. Aliyeiandika alijiita afisa ustawi wa jamii. Tulipofuatilia, tulibaini kwamba hakuwahi kufika katika nyumba hiyo. Alizungumza na mjomba kwa simu, basi. Kituo kilimwachisha kazi, na haukupita muda mrefu nikamkuta upande wa pili wa ghuba, katika taasisi nyingine, akiwa na kitambulisho kipya shingoni na watoto wengine chini ya uangalizi wake. Niliwauliza wenzangu malalamiko dhidi yake niyapeleke wapi, na hakuna aliyekuwa na jibu. Hakuwa ameiba wala kumpiga mtu, kwa hiyo polisi hawakuwa na kosa la kumshtaki nalo. Mwajiri wake wa zamani hakuwa na mamlaka juu yake tena. Na hapakuwa na daftari lolote ambalo jina lake lingeweza kufutwa.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa hatua zinazofuata unamtanguliza mteja. Nimehudhuria vikao vingi vya wanataaluma ambavyo hoja ya kuwa na baraza la kusajili wataalamu ilianza na hadhi, posho na muundo wa utumishi, na katika kila kikao niliona hoja hiyo ikikosa nguvu mara tu mtu wa nje alipouliza mwananchi atapata nini. Swali hilo ni la haki, na linapaswa kuwa na jibu kabla halijaulizwa.

Hatua ya kwanza: kusanyeni madhara kabla ya kuandika madai

Tawi la wanataaluma la wilaya au la mkoa liandae fomu fupi ya ukurasa mmoja na kuisambaza kwa maafisa wa halmashauri, wafanyakazi wa mashirika, wahudumu wa vitengo vya ustawi hospitalini na walimu wa taaluma vyuoni. Fomu iulize mambo manne tu: ni huduma gani ilitolewa, ni kosa gani la kitaaluma lililotokea, mteja alidhurika vipi, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuchukua hatua. Swali la nne ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa majibu yake ndiyo yatakayoonyesha pengo ambalo sheria inatakiwa kuliziba. Fomu isiandikwe jina la mteja, la kijiji wala la mfanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sote, na ingekuwa aibu kuanza kazi ya kulinda siri za watu kwa kuzivujisha.

Makosa ya kuangaliwa ni yale yanayojirudia katika kazi yetu: taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyoandikwa bila kutembelea nyumba, mtoto aliyekabidhiwa kwa mlezi bila amri ya mahakama wala kibali kinachotakiwa, siri ya mteja iliyosimuliwa kwenye kikao cha mtaa, fedha iliyodaiwa kwa huduma ya bure, uhusiano usiofaa kati ya mtoa huduma na mteja. Andikeni pia makosa ya wenye vyeti kamili. Orodha inayotaja makosa ya wasiosoma peke yao haitaaminiwa na mtu, na wala haitakuwa ya kweli.

Kisha chagueni mifano michache inayogusa majukumu ambayo sheria tayari imetukabidhi. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtegemea afisa ustawi wa jamii katika mashauri ya matunzo, malezi ya kambo, kuasili na watoto wanaokinzana na sheria. Hakimu wa mahakama ya watoto anapoahirisha shauri kusubiri taarifa ya uchunguzi wa kijamii, anasubiri macho na masikio ya mtu aliyefika mahali ambapo yeye hawezi kufika. Mbunge akionyeshwa taarifa mbili kwa pamoja, moja ya mistari saba na nyingine iliyoeleza nani analala chumba gani, nani anapika, mtoto anakwenda shule kwa njia ipi na mwenyewe anasema nini, ataelewa kwa dakika tano jambo ambalo hotuba ya saa nzima isingelifikisha.

Hatua ya pili: amueni nani anasajiliwa, na jina gani linalindwa

Hapa ndipo juhudi nyingi hukwama, na Kiswahili chenyewe kinachangia. Wananchi wengi hawatofautishi Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Maendeleo ya Jamii, ingawa mmoja hushughulika na mtu au familia yenye shauri mahususi na mwingine huhamasisha vikundi, miradi na ushiriki wa jamii nzima. Wote wawili wanahitajika, na mara nyingi wanakaa ofisi zinazotazamana, lakini rejista isiyoeleza tofauti hiyo italeta mgogoro wa idara kabla haijasajili mtu wa kwanza. Wapo pia washauri nasaha, wanasaikolojia, wahitimu wa sosholojia walioajiriwa kama maafisa ustawi, na wasaidizi wa ngazi ya jamii waliopewa mafunzo mafupi kwa ajili ya watoto walio katika mazingira hatarishi.

Ushauri wangu ni kwamba rejista iwe na ngazi tatu: wenye shahada au zaidi, wenye stashahada na astashahada, na wasaidizi wa ngazi ya jamii wanaofanya kazi chini ya msimamizi aliyesajiliwa. Tafsiri ya kimataifa ya taaluma hii, iliyopitishwa mjini Melbourne mwaka 2014, ni msingi mzuri wa kuanzia kwa sababu inataja haki za binadamu, haki ya kijamii na maarifa ya wenyeji kwa pamoja, ila ni pana mno kuwa kifungu cha sheria. Sheria inahitaji orodha fupi ya kazi ambazo ni za aliyesajiliwa peke yake: kuandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama, kutathmini familia inayoomba kulea au kuasili mtoto, kusimamia mpango wa ulinzi wa mtoto, na kumsimamia mwanataaluma mwingine. Kazi nyingine ziachwe wazi.

Nasisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu nimeona rasimu zilizotaka kumfunga kila "anayetoa huduma ya ustawi" bila usajili. Rasimu ya namna hiyo ingemfanya mhalifu bibi wa kisiwa cha Ukara anayepatanisha wanandoa, mwenyekiti wa mtaa anayempeleka mtoto aliyepotea polisi, na shehe au mchungaji anayemfariji mfiwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walipoteza maisha, na katika msiba wa ukubwa huo majirani ndio huwa wa kwanza kuwashika wafiwa mikono. Kinachopaswa kuwa kosa ni mtu kujiita mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyesajiliwa ilhali si kweli, na mtu kufanya zile kazi chache zilizotengwa bila leseni. Uingereza ilifuata njia ya kulinda jina: tangu Aprili 2005, kujiita kwa jina la taaluma hii bila kusajiliwa ili kumdanganya mtu ni kosa la jinai.

Hatua ya tatu: jengeni njia ya kuingilia

Vyeti vina wasimamizi wake tayari: Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada, na NACTVET, chombo cha taifa cha elimu na mafunzo ya ufundi, kwa astashahada na stashahada. Baraza lisijigeuze kuwa chuo cha pili. Kazi yake ni kusema mhitimu anapaswa kujua na kuweza kufanya nini siku ya kwanza kazini, kisha kuthibitisha kwamba anaweza.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wanafunzi huyaita fildi. Mwanafunzi anaweza kukaa wiki nane katika ofisi yenye afisa mmoja na majalada mia kadhaa, akachapa barua, akapanga viti vya kikao, na mwisho akapigiwa muhuri kwamba amehitimu mafunzo. Kwa hiyo wekeni kitabu cha kumbukumbu chenye idadi ya kazi zinazolazimika kufanywa chini ya macho ya msimamizi: kutembelea nyumba, kumhoji mtoto akiwa na mtu anayemwamini, kuandika taarifa na kurudishiwa masahihisho, kuhudhuria shauri, kumpa rufaa mteja na kufuatilia kama alifika. Baada ya chuo ufuate utarajali wa mwaka mmoja wenye leseni ya muda, kisha mtihani. Katika mkoa huu mtarajali anaweza kuzungushwa kati ya halmashauri, hospitali, mahakama na angalau miezi miwili katika wilaya yenye visiwa, kwa sababu afisa ambaye hajawahi kusubiri mtumbwi huku jalada la mtoto likiwa limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisiloe, hataelewa kwa nini mwenzake wa Ukerewe alichelewa kufika kwenye shauri.

Leseni ihuishwe kwa kipindi maalumu, na kuhuisha kutegemee mafunzo endelevu na saa za usimamizi wa kitaaluma, si kulipa ada pekee.

Hatua ya nne: andikeni utaratibu wa malalamiko na nidhamu mapema

Watu wengi huiacha sehemu hii mwisho. Mimi ningeiandika kabla hata ya sehemu ya ada na alama ya baraza, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama leseni ina maana au ni karatasi ya kutundika ukutani.

Mlalamikaji asilazimishwe kuandika. Mama anayezungumza Kisukuma au Kikerewe aweze kusimulia kwa mdomo, mtu wa dawati aandike kwa Kiswahili, amsomee, kisha aweke dole gumba. Mtoto aweze kulalamika mwenyewe au kupitia mtu anayemchagua. Malalamiko yapokelewe wilayani, ingawa uamuzi ni wa baraza, na shauri lisikilizwe Mwanza pale ambapo pande zote ziko Mwanza. Kumwita mlalamikaji Dodoma kwa nauli yake ni namna ya kumwambia asilalamike. Kila hatua iwe na ukomo wa siku, na msajili awe na uwezo wa kusimamisha leseni kwa muda pale ambapo mtoto yuko hatarini.

Upande wa mtuhumiwa ulindwe kwa uzito uleule. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, kwa hiyo utaratibu utaje wazi kwamba atapewa tuhuma kwa maandishi, muda wa kujibu, nafasi ya kuwa na mtetezi, na rufaa hadi Mahakama Kuu. Kazi yetu huzalisha watu wasioridhika. Baba aliyeamriwa kutoa matunzo baada ya kuyakimbia kwa miaka mitatu anaweza kumshtaki afisa kwa hasira tu. Kamati ya mchujo, yenye mjumbe mmoja asiye mwanataaluma, ipitie malalamiko kwanza na kutupa yasiyo na msingi kwa maelezo ya maandishi.

Kuna haki nyingine ambayo sijaiona ikiandikwa vya kutosha. Afisa asiye na usafiri, mafuta wala chumba cha faragha cha kuzungumza na mteja hawezi kuhukumiwa kwa kipimo kilekile cha aliye navyo. Kamati inapaswa kulazimika kuuliza mazingira ya kazi yalikuwaje, na iwe na uwezo wa kumwandikia mwajiri na kumtaka arekebishe, nakala ikienda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Bila kifungu hicho, leseni itakuwa fimbo ya kumchapa aliye chini kwa makosa ya aliye juu.

Adhabu ziwe na ngazi: onyo, usimamizi wa lazima, mafunzo, kusimamishwa, kufutwa. Rejista iwe wazi kwa umma, mtu aweze kuikagua kwa simu kwa kutumia namba ya usajili, na ionyeshe aliyesimamishwa au kufutwa. Hilo peke yake lingetosha kumzuia yule niliyemkuta upande wa pili wa ghuba.

Hatua ya tano: kipindi cha mpito na ada

Walio kazini wapewe kipindi cha mpito, tuseme miaka mitatu, ambacho ndani yake mwenye cheti kinachotambuliwa anasajiliwa moja kwa moja, na mwenye cheti cha fani ya jirani na uzoefu uliothibitishwa anafanya kozi ya kujazia na mtihani. Mlango huo ufungwe tarehe iliyotajwa ndani ya sheria, la sivyo utaongezwa muda kila mwaka. Ada zifuate ngazi ya rejista, na wasaidizi wa ngazi ya jamii wasitozwe chochote.

Hatua ya sita: kuifikisha rasimu bungeni

Msianze kwa kuandika muswada kamili; anzeni na andiko la sera lenye kurasa zisizozidi kumi, lililojaa ushahidi wa hatua ya kwanza. Lipitie uongozi wa taifa wa chama cha wanataaluma, TASWO, ili mikoa isionekane kupingana, kisha lifike Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, huku TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ikishirikishwa tangu mwanzo kwa kuwa ndiyo yenye maafisa wa halmashauri. Wizara ndiyo yenye uwezo wa kuandaa waraka wa Baraza la Mawaziri. Ukikubaliwa, Mwandishi Mkuu wa Sheria huandaa muswada, nao huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ya kudumu ya Bunge, hurudi kusomwa mara ya pili na ya tatu, na hatimaye husubiri saini ya Rais.

Nafasi yetu kubwa ni pale kamati inapowaita wadau kutoa maoni. Nendeni na watu watatu tu: afisa wa kisiwani, hakimu mstaafu au mwanasheria aliyewahi kuzitumia taarifa zetu, na mteja mtu mzima aliyekubali kwa hiari yake kuzungumza. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, hivyo pendekezeni maneno ya vifungu kwa Kiswahili chenu wenyewe, mkichagua mapema maneno kama rejista, msajili, mtarajali na utovu wa maadili, badala ya kusubiri tafsiri ya haraka. Kumbukeni pia kwamba ustawi wa jamii si suala la Muungano; sheria itahusu Tanzania Bara, na Zanzibar ina utaratibu wake.

Mfano wa kuiga uko nyumbani. Wahandisi wana sheria yao ya usajili ya mwaka 1997, wauguzi na wakunga ya mwaka 2010, walimu ya mwaka 2018. Kaeni na watu wa fani hizo muwaulize kilichowasumbua katika miaka mitano ya kwanza. Nje ya nchi, Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya taaluma hii tangu mwaka 1978, Zimbabwe tangu 2001, na Namibia ilipitisha sheria mwaka 2004. Ziwa letu lina nchi tatu, na watoto huvuka Sirari na Mutukula bila kuuliza nani amesajiliwa wapi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inataka nchi zitambuliane sifa za kitaaluma, kwa hiyo kifungu cha kuwatambua wenzetu wa Kenya na Uganda kiwemo tangu rasimu ya kwanza.

Hatua ya saba: rejista ya hiari, kuanzia sasa

Sheria huchukua miaka, na tawi halihitaji sheria ili kuanza kujisimamia. Fungueni daftari la wanachama walioleta vyeti halisi vikakaguliwa, walioweka saini kanuni za maadili, na waliokubali kwa maandishi kwamba malalamiko dhidi yao yatasikilizwa na kamati ya tawi. Msiliite leseni wala msitoe kadi inayofanana na ya serikali. Ni makubaliano ya hiari, na adhabu yake kubwa ni kuondolewa kwenye daftari na waajiri waliojiunga na utaratibu huo kujulishwa. Waombeni wenye makao ya watoto na mashirika ya mkoa wakubali kuuliza daftari hilo kabla ya kuajiri.

Kikao cha kwanza kipangwe kwa ratiba ya meli ya Nansio ili wa Ukerewe waweze kufika na kurudi, na ajenda yake iwe tatu: kusoma fomu za madhara zilizokusanywa, kuchagua kamati ya malalamiko ya watu watano wakiwemo wawili wasio wanataaluma, na kukagua vyeti vya viongozi wa tawi wenyewe mbele ya wajumbe, kabla ya vya mtu mwingine yeyote.